Msioshe picha za Mama Mwalimu

Kwa watoto, wajukuu na wanafunzi wa Mama Mwalimu wa Katuba, na kwa kila nyumba ya Lubumbashi yenye ukutani picha iliyochorwa na mchoraji aliyefariki.

Wanangu,

Pole tena. Mama tumemzika vizuri. Watu walijaa parsele, uwanja mzima wa nyumba, mpaka barabarani, nyimbo zilikuwa nzuri, bukari, ugali wetu, haikupungua, na kitenge chenye uso wake kilishonwa mpaka kwa mtoto wa miezi sita. Hapo sina neno. Neno langu linaanzia siku ya kutoa kilio, kumaliza matanga, mlipoamua picha zake zitolewe nje ili wageni wazione.

Vumbi la mwezi wa nane mnalijua. Picha kumi na moja zilikuwa zimekaa ukutani miaka na miaka, zimeshika moshi wa mbabula, jiko la makaa, na udongo mwekundu wa barabara. Mmoja wenu akaleta beseni, sabuni ya unga na sifongo la kusugulia sufuria. Mwingine, ambaye kazi yake ni kupuliza magari rangi, akaja na kompresa na vanishi ya gari. Kufika saa saba mchana picha zilikuwa zinang'aa kama mlango wa teksi mpya. Mkasimama mbele yake, mkapigana picha, mkatuma Kolwezi, Ndola, Ulaya. Kufika jioni, ile ya stesheni ya treni ilikuwa imeanza kubanduka kwenye kona ya chini, vipande kama maganda ya kitunguu, na mtoto mdogo alikuwa amechutama anaviokota kimoja kimoja na kuviweka kwenye kiganja. Katika parsele nzima, yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba kuna kitu kimekufa.

Ningenyamaza, maana msiba una adabu yake. Ila mvua ziko mlangoni, na nasikia nyumba nyingine za mtaa zimeshaomba kuazima ile kompresa. Basi nasema mbele ya wote.

Sahani ni kitu kimoja, inaoshwa. Picha ni vitu vinne vilivyolaliana. Chini kuna kitambaa. Mama alitumia sana amerikani, ile pamba ya magunia ya unga, kama walivyofanya wachoraji wengi wa mji huu, kwa kuwa turubai la dukani lilikuwa la wenye pesa. Kitambaa kimevutwa juu ya shasi, yaani fremu ya mbao. Juu ya kitambaa kuna gundi ya kuzuia rangi isinywewe na nyuzi. Juu ya gundi kuna tabaka jeupe, na juu ya jeupe ndipo ilipo rangi mnayoiona. Kila tabaka lina tabia yake. Maji yakipenya kwenye nyufa, na picha ya miaka thelathini haikosi nyufa hata kama jicho halizioni, nyuzi za pamba zinanenepa, na zikinenepa kitambaa kinajikaza na kupungua. Gundi inalainika. Rangi ya mafuta iliyokwisha kukauka haiwezi kupungua pamoja nao. Inabaki na upana wake wa jana juu ya kitambaa kilichofupika leo, kwa hiyo inainuka, inavunjika, inadondoka. Kisha mkazianika juani zikauke upesi, na huko kukauka kwa ghafla kukamalizia yaliyosalia.

Sabuni nayo. Sabuni ya unga ina ukali wa magadi, na ukali huo unakula mafuta yanayoishika rangi. Inaanza na sehemu nyembamba: kivuli chini ya kidevu, ukungu wa asubuhi nyuma ya ule mlima mweusi wa taka za kiwanda cha shaba, mstari wa mwanga kwenye bega la mwanamke anayechota maji. Ni sehemu ambazo mchoraji huziweka mwisho, kwa mkono mwepesi, na ndizo zinazoondoka kwanza. Maji ya beseni yalipogeuka kahawia mlifurahi kwamba uchafu unatoka. Sehemu ya uchafu ule ilikuwa kazi yake.

Vanishi ya gari imetengenezwa kukaa juu ya bati, na bati halipumui. Kitambaa kinajikaza na kulegea kila siku, asubuhi baridi, mchana joto, mwezi wa saba kikavu, mwezi wa kwanza chepechepe. Vanishi ngumu juu ya kitu kinachocheza hupasuka, na ikipasuka inaivuta rangi iliyo chini yake. Tena vanishi ile inachanganywa na dawa ya kuigandisha, na ikishaganda hakuna kimiminika cha upole kinachoiondoa. Vanishi ya picha ni kitu kingine kabisa. Inatengenezwa makusudi ili fundi mwingine, miaka hamsini mbele, aweze kuiondoa bila kugusa rangi. Hata hiyo haipakwi haraka: rangi nzito ya mafuta hungojewa miezi sita mpaka mwaka kabla ya kupata vanishi. Na zaidi ya hayo, nani aliwaambia Mama alitaka picha zake zing'ae? Alichagua rangi zisizong'aa kwa sababu udongo wa Katuba haung'ai. Mmeufanya udongo wake uonekane kama plastiki.

Sasa lipi lifanyike. Kwanza, acheni. Nimesikia kuna anayetaka kuiondoa vanishi kwa tina. Tina itayeyusha rangi ya Mama kabla ya kuigusa vanishi hiyo. Acheni kabisa. Picha ya stesheni ilazwe, uso juu, kwenye ubao safi uliotandikwa karatasi nyeupe, ndani ya chumba kisicho na upepo wala kuku wala watoto wa mpira. Isisimamishwe tena. Vipande vilivyodondoka viwekwe kwenye bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa plastiki, na nje iandikwe vimetoka kona ipi. Msijaribu kuvibandika kwa gundi ya mbao wala gundi kali ya viatu. Fundi wa kweli wa kutengeneza picha ataweza kuvirudisha kimoja kimoja akivikuta vikavu na visafi. Akivikuta vimegandishwa kombo, hataweza. Nendeni Makumbusho ya Taifa hapa mjini mkaulize nani anafaa. Kuuliza hakulipiwi.

Picha zilizobaki, na zile za majirani ambazo kompresa haijazifikia, zinapanguswa hivi. Chukua brashi laini ya manyoya, upana wa vidole vitatu, mpya, ambayo haijawahi kuingia kwenye rangi. Nawa mikono, ikauke. Angalia kwanza uso wa picha kwa mwanga wa upande, tochi ya simu ikilala karibu na ukuta: ukiona sehemu yoyote imeinuka au ina unga, usiiguse. Isimamishe picha ikiinama kidogo mbele ili vumbi lidondoke chini, siyo kurudi usoni. Anza juu, shuka polepole, kwa uzito wa brashi yenyewe bila kukandamiza. Kisha geuza, fanya nyuma, na hasa pale chini kati ya kitambaa na mbao za shasi, maana hapo hujaa mchanga, viota vya nyigu na misumari iliyoanguka, na kitambaa kinatokeza kama tumbo. Yatosha mara moja kwa mwaka. Hakuna maji, hakuna kitambaa chenye unyevu, hakuna mafuta ya kupikia ya kufufua rangi. Wale wanaosema picha inasafishwa kwa mkate, kiazi au kitunguu, waulizeni makombo yanabaki wapi. Yanabaki kwenye mashimo ya kitambaa, mvua inakuja, kuvu inakula mkate na inaendelea na picha.

Hayo ya beseni ni hasira. Linaloniuma zaidi ni lingine.

Baada ya kuona maganda yale niligeuza picha zote kumi na moja. Migongo mitupu. Hakuna jina, hakuna mwaka, hakuna hata mstari wa penseli. Nikauliza ile ya stesheni ni ya lini. Mmoja akasema ni watu wanasafiri. Mwingine akasema ni soko. Mwalimu wa sekondari, mwenye diploma, akasema ni watu wanangoja treni ya Krismasi.

Wanangu. Tazameni vizuri. Watu wamekaa juu ya godoro zilizofungwa kamba, kuna mashine ya kushonea, kuna mlango wa nyumba umeng'olewa na bawaba zake, kuna mbabula inayopika katikati ya reli. Nani anasafiri na mlango? Hiyo ni Likasi, 1992 kwenda 1993, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa majumbani mwao na kukaa stesheni majuma na miezi wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Mama alikuwa na wanafunzi mle. Aliichora kwa kuwa viti vya darasa lake vilikuwa vimebaki vitupu. Bila mwaka nyuma yake, picha hiyo inakuwa watu wanasafiri, na kwa mjukuu wa mjukuu wake itakuwa pambo la sebuleni.

Mnafikiri wachoraji wanakumbukwa kwa sababu ya rangi? Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mji huu mwaka 1947, akachora juu ya magunia ya unga kama wengine, akauza mlango kwa mlango kama wengine. Wapo waliokuwa na mkono mzuri kuliko wake, na majina yao hayajulikani. Tofauti ni nini? Mwaka 1973 na 1974, Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha hapa chuo kikuu, alinunua kwake picha zipatazo mia za historia ya nchi, na kwa kila picha akamuuliza, na majibu yakarekodiwa, kwa Kiswahili hiki hiki cha Lubumbashi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna anayejua Tshibumba alikoelekea, lakini neno lake lipo, picha kwa picha. Picha zenyewe ziko Amsterdam. Hilo nalo ni la kusikitisha, ila huko angalau hakuna anayeziosha kwa sabuni ya sufuria.

Au turudi nyuma zaidi. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa, alifungua hapa karakana ya uchoraji walioiita Hangar. Humo wakatoka Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake iliyosokotana kama mkeka, Bela aliyechora kwa ncha za vidole bila brashi. Mwaka 1951 Laurent Moonens akafungua Akademia ya Sanaa, na Romain-Desfossés alipofariki 1954, waliokuwa Hangar wakaingia huko. Majina haya yamo vitabuni kwa kuwa kuna mtu aliyaandika, na zaidi aliandika ya wanaume. Mwanamke aliyefundisha watoto kushika penseli miaka hamsini chini ya mwembe wa Katuba anaitwa mama wa fulani, bibi wa fulani, na siku akifa anageuzwa kuwa kitenge. Tunalia kwamba historia yetu imepelekwa Ulaya. Hii iliyobaki ukutani tumeiandikia nini?

Basi andikeni. Penseli laini, 2B, kamwe siyo biki, maana wino wa biki unapenya kitambaa na baada ya miaka unatokea upande wa uso. Andikeni kwenye mbao za shasi, siyo kwenye kitambaa chenyewe, kwa sababu ukikandamiza penseli nyuma ya kitambaa unaipasua rangi iliyo mbele. Kama mbao ni nyeusi kwa moshi, andikeni kwenye kikaratasi na mkifunge kwa uzi kwenye shasi. Kwa michoro ya karatasi, nyuma, kona ya chini, kwa mkono mwepesi, karatasi ikiwa imelala juu ya kioo au meza ngumu. Yaandikwe haya: jina lake kamili, siyo Mama Mwalimu tu, kinachoonekana, mahali, mwaka, kimo kwanza kisha upana, kwa sentimita, aina ya rangi, na nani aliyekaa kuchorwa kama ni sura ya mtu. Mwaka msioujua msiubuni. Andikeni "karibu na", halafu sababu: baada ya kuzaliwa fulani, kabla ya paa kubadilishwa. Na andikeni nani aliyesema hivyo, na lini. Shangazi yenu mkubwa anakumbuka karibu kila picha ilipochorwa. Ana miaka themanini na kitu. Mnangoja nini, naye awe kitenge?

Nirudi kwa Mama mwenyewe, maana hotuba ya mazishini nayo ilinitia uchungu. Alikuwa mpole, alipenda watu, alimcha Mungu. Hivyo vinasemwa juu ya kila marehemu. Mama Mwalimu hakuwa mpole. Alikuwa anatupa raba za wanafunzi juu ya ukuta zikaanguke kwa jirani, kwa sababu mwanafunzi mwenye raba haangalii, anafuta. Jirani yule watoto wake hawakununua raba mpaka wakamaliza masomo.

Alizaliwa mji ukiitwa Elisabethville, na jina la Lubumbashi likamkuta mwaka 1966 akiwa mkubwa. Alifundisha Katanga, akafundisha Shaba tangu 1971, akafundisha tena Katanga 1997, na tangu 2015 akafundisha Haut-Katanga, yote hayo bila kuhama parsele. Alilipwa kwa zaire, kwa zaire mpya ya 1993, kwa franka ya 1998, na katikati ya hizo miezi mingi hakulipwa kwa chochote, wazazi wakileta unga na makala, yaani makaa. Mwaka 2003, maelfu ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walipoondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, nyumba yake ndiyo iliyokuwa na sufuria motoni. Kwenye sahani zake walikula watoto wa tumbo lake, wa dada zake na wa watu ambao hakuna aliyejua walitoka wapi. Nani alisema hayo kwenye kipaza sauti? Hakuna. Mlikuwa na orodha ya waliochanga, ikasomwa dakika arobaini.

Na ufundi wake je? Ninyi mliopita mikononi mwake mnafundisha sasa, wengine mna shule za watu, na naona watoto wenu wananakili katuni kutoka kwenye simu. Nitayaandika ya kwake machache kama alivyokuwa akiyafanya, ili asiwepo wa kusema amesahau.

Makala ya kuchorea hakununua. Vijiti vilivyonyooka, unene wa penseli, vimenywe ganda na vikauke vizuri. Vipangwe wima kwenye kopo la maziwa ya unga, vibanane kabisa, kifuniko kibanwe kwa waya na kitobolewe tundu moja kwa msumari. Kopo liwekwe katikati ya moto wa mbabula. Moshi unatoka kwanza mzito na mweupe, kisha mwembamba, kisha unakoma. Huchukua kama saa moja. Hapo kopo litolewe na liachwe limefungwa mpaka lipoe kabisa, hata usiku kucha. Wenye haraka hufungua likiwa moto, hewa inaingia, wanabaki na majivu. Wanaotoa kabla moshi haujakoma hupata vijiti vya kahawia ndani, vinavyokwaruza karatasi bila kuacha weusi.

Somo la kwanza lilikuwa chungu kimoja, siku saba. Mahali pamoja, kila siku mwanafunzi anahama hatua moja kuzunguka. Mkono unanyoshwa mbele, kiwiko kisikunjwe hata kidogo, jicho moja limefungwa, penseli inapima: upana wa mdomo unaingia mara ngapi kwenye kimo? Kiwiko kikikunjwa kipimo ni uongo, kwa sababu umbali kati ya jicho na penseli umebadilika. Ndiyo maana alikuwa akipita nyuma yenu akigonga viwiko kwa rula. Mtu mzima ni vichwa saba na nusu hivi. Mtoto mchanga ni vichwa vinne. Macho yako katikati ya kichwa, siyo juu kama kila mwanzilishi anavyoyaweka kwa kusahau kwamba paji la uso na nywele ni nusu ya kichwa.

Rangi za udongo: kichuguu kilicho mbali na migodi, udongo mwekundu, ndoo ya maji. Koroga, ngoja dakika moja au mbili mchanga uzame, mimina maji yenye rangi kwenye chombo kingine, acha yatulie usiku kucha, mwaga maji ya juu. Rudia mara tatu. Kilichobaki kikaushwe, kisagwe kwenye kioo kwa chupa, kichanganywe na kiini cha yai kilicholegezwa kwa kijiko cha maji, sawa kwa sawa, na kitumike siku hiyo hiyo kwa kuwa kesho kinanuka. Nyeupe ni pemba, ule udongo mweupe. Nyeusi ni makala yale yale. Kijani hakuruhusu mtoto asage malakiti, lile jiwe la kijani, hata mawe yakiwa ya bure, kwa sababu vumbi lake ni vumbi la shaba na linaingia kifuani. Na udongo wa karibu na viwanda vya kuyeyushia aliukataza kabisa: una risasi, aseniki, kadmiamu na kobalti. Walimu wa siku hizi wanapeleka watoto huko huko kuokota udongo wa rangi nzuri nzuri. Mnajua na mnanyamaza.

Mengine nayataja tu, muulizane wenyewe. Michoro ya karatasi msiipeleke kwa wenye mashine za fotokopi wakaifunge kwenye plastiki ya moto; haitatoka tena. Skochi, ule utepe wa gundi, ni adui, inageuka njano na kuacha doa lisilofutika. Picha isitundikwe juu ya mbabula, wala kwenye ukuta unaopigwa mvua kwa nje, wala mbele ya dirisha la magharibi. Wekeni vipande viwili vya mbao nyuma, kwenye kona za chini, ili hewa ipite kati yake na ukuta. Hakuna picha kukaa sakafuni. Matofali mawili chini yake, na angalieni mchwa kila mwezi wakati wa mvua. Picha ikilazimika kusafiri ikunjwe kuzunguka bomba pana, uso ukiwa nje, siyo ndani kama mnavyokunja mkeka: rangi ikikunjwa ndani inasongana na kuvunjika. Katikati ya mikunjo wekeni karatasi ya kuokea, kamwe siyo gazeti. Pigeni nakala za simu kivulini, bila mwako, simu ikiwa sambamba na picha na rula pembeni yake, na nakala zikae kwa watu watatu katika miji mitatu.

Kuhusu mali. Sheria ya Familia ya 1987 inawapa watoto robo tatu ya urithi, na picha zimo ndani ya urithi. Aliyebeba mbili usiku wa kilio azirudishe bila kutajwa jina. Na sheria ya haki za mwandishi ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mchoraji miaka hamsini baada ya kufa kwake. Anayenunua picha amenunua kitambaa na rangi, hajanunua ruhusa ya kuichapisha kwenye kalenda na fulana. Yule kijana aliyeanza kuuza fulana za mamba muntu, yule nguva, wa Mama aje tuzungumze.

Limebaki kantini, sanduku la bati la kijani, lile la chini ya kitanda chake. Halijafunguliwa, na ufunguo uko kwa binti yake wa tatu. Ndani kuna karatasi, nyingi za makala na chaki za rangi ambazo hazikupuliziwa dawa ya kuzishika, kwa hiyo kidole kimoja kinatosha kufuta uso wa mtu. Bati linazuia mchwa lakini linatoa jasho baridi ikibadilika, basi halitakiwi kuingia tena kwenye mvua likiwa limefungwa hivyo. Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, kabla upepo haujaanza. Watu wanne, wasizidi. Shuka safi mezani, madirisha ya upande mmoja tu wazi, penseli ya 2B, rula, daftari jipya, karatasi nyeupe za kuweka katikati ya kila mchoro na mwenzake. Mchoro unabebwa kwa mikono miwili, juu ya ubao, hauburuzwi juu ya mwingine. Mwenye chai aiache barazani. Shangazi mkubwa aletewe kiti chenye mgongo, akae karibu na meza, na asiharakishwe. Yule mtoto aliyeokota maganda naye aje, na bahasha yake.

Mzee wenu wa kadre, fundi wa fremu za picha,
Katuba, mwezi wa kumi